Natafuta hati ya talaka ya marehemu baba: ni Texas, Missouri au Virginia?

BintiFundi, Tabata

Habarini za jioni wakubwa zangu na wadogo zangu. Naombeni msaada, nimekwama na siku zinakwenda.

Baba yangu alifariki mwaka jana mwezi wa nane. Hakuacha wosia. Ukoo ulikaa kikao, mama akapendekezwa awe msimamizi wa mirathi, tukafungua shauri pale Temeke kwenye kituo cha mirathi na familia. Baba mdogo alisaini muhtasari wa kikao kwa mkono wake mwenyewe, mbele yetu sote. Wiki tatu baadaye akaweka pingamizi. Anasema mama hakuwa mke halali, kwamba baba alipomwoa mwaka 2001 alikuwa bado na ndoa yake Marekani, kwa hiyo nyumba ya Tabata irudi kwa ndugu.

Ni kweli baba aliishi kule. Aliondoka 1987, akaoa huko huko mwaka 1991, wakaachana, akarudi nyumbani mwaka 2000. Hayo hayakuwa siri kwetu. Alimweleza mama yote kabla hawajafunga ndoa yao ya bomani hapa Ilala, na sisi tumekua tukijua kwamba baba aliwahi kuwa na mke mwingine. Akiulizwa kuhusu talaka alikuwa anajibu neno moja tu: "Karatasi ipo."

Tumefungua sanduku lake baada ya arobaini. Tulichokuta ni pasipoti mbili za zamani, picha, barua tatu za rafiki yake, na bahasha moja ndefu iliyo tupu. Kwenye barua zile anwani ya baba imeandikwa Missouri City. Ile bahasha ina jina la ofisi pembeni juu, lakini mafuriko ya Desemba 2011 yaliingia hadi chumbani, na wino umetawanyika. Kinachosomeka ni neno Clerk, na chini yake Richmond. Basi. Na baba mwenyewe siku zote alikuwa anasema "nilipokuwa Houston".

Houston iko Texas. Missouri ni jimbo lingine. Nimesaka Richmond kwenye simu nikaletewa mji mkuu wa jimbo la Virginia. Sasa nimwandikie nani?

Kuna tovuti moja niliingia ikasema imepata rekodi yake, lipa uone. Nilikopa kwa rafiki mwenye kadi ya benki, nikalipa dola 39. Ilifunguka kurasa mbili: jina la baba, umri uliokosewa, na majina ya watu tusiowajua wakiitwa ndugu zake. Talaka hakuna hata neno.

Mama ni fundi cherehani. Nyumba ile baba alinunua kiwanja, lakini matofali mengi yametoka kwenye sare za shule alizoshona mama, usiku, kwa ile cherehani ya umeme aliyokuja nayo baba, yenye transfoma yake chini ya meza kwa kuwa ni ya umeme wa kule wa volti 120. Nimelala miaka yote nikisikia mlio wake. Leo mama anaulizwa mahakamani kama alikuwa mke au mgeni, na anarudi nyumbani anakaa bila kuiwasha.

Wakili wetu amesema kwa uungwana kabisa: leteni hukumu ya talaka, mimi siwezi kuifuata Marekani. Hakimu ametupa muda. Mwenye kujua njia anionyeshe.

Chuma_Mbezi

Pole dada. Kwa nini mnajitesa? Mama aape kiapo kwa wakili kwamba marehemu alimwambia ameachana na yule mwanamke. Wakili agonge muhuri, mpeleke. Watu wengi wanafanya hivyo.

Mtu wa Pwani

Poleni sana kwa msiba. Mimi ningeanzia Ubalozi wa Marekani pale Msasani. Si wana rekodi za watu wao wote? Yule mke wa kwanza ni raia wao.

MamaKijitonyama

Mwanangu BintiFundi, pole kwa msiba na pole kwa hayo yanayomfika mama yako. Nimeishi kusini magharibi mwa Houston miaka kumi na minne. Talaka yangu mwenyewe imetoka kule na niliifuata nikiwa nimesharudi hapa, kwa hiyo ninayokuandikia nimeyapitia.

Nianze na lile linalokuchanganya. Niliposoma yale majina yako matatu niliinuka kitini. Hapo hakuna majimbo matatu, mwanangu. Missouri City ni mji ulioko Texas, umepakana na Houston kabisa, na jimbo la Missouri wameshirikiana jina tu. Sehemu kubwa ya mji huo iko ndani ya kaunti, yaani sehemu ya jimbo yenye mahakama zake, inayoitwa Fort Bend. Na makao makuu ya kaunti ya Fort Bend, mahakama ilipo, ni mji mdogo unaoitwa Richmond. Richmond ya Texas. Baba yako alisema Houston kama mtu wa Kibaha akiwa Mwanza anavyosema anakaa Dar. Ukimbana atakwambia ni Mkoa wa Pwani, lakini nani ana muda huo? Hata Houston yenyewe imelala kwenye kaunti zaidi ya moja: kubwa ni Harris, lakini vipande vyake vimeingia Fort Bend na Montgomery. Watu wetu wengi wanaandika Harris kwa kuwa ndiyo wanayoisikia, wanajibiwa hakuna kitu, wanakata tamaa wakidhani talaka haikuwahi kuwepo.

Kwa hiyo barua zako na hiyo bahasha iliyolowa zinakupeleka mahali pamoja. Itunze bahasha hiyo.

Sasa uelewe kwa nini kaunti ndiyo kila kitu. Marekani hakuna masjala moja ya taifa ya talaka. Talaka inatolewa na mahakama ya mahali, na jalada linabaki hapo hapo lilipofunguliwa. Kwa Texas, ili shauri lipokelewe, mmoja wa wanandoa lazima awe ameishi ndani ya jimbo miezi sita na ndani ya kaunti hiyo siku 90 kabla ya kufungua. Ndiyo maana swali la kwanza unalojiuliza ni hili: mwaka ule wanaachana, nani alikuwa anakaa wapi? Usitafute mahali walipofunga ndoa. Ndoa inaweza kuwa ya kaunti moja na talaka ya nyingine.

Kuna makarani wawili na usiwachanganye. Karani wa kaunti, wanamwita County Clerk, anatunza ndoa na hati za ardhi. Talaka ziko kwa karani wa mahakama ya wilaya, District Clerk. Ukimwandikia wa kwanza atakurudisha kwa wa pili na umepoteza wiki. Neno Clerk kwenye bahasha yako naamini ni huyo wa pili.

Cha kuomba usikiite cheti cha talaka. Texas hawatoi cheti kama chetu cha RITA, wakala wetu wa usajili. Jimbo lina daftari la talaka zilizotolewa tangu mwaka 1968, na ofisi yake ya takwimu za uhai iliyoko Austin inatoa barua ya uthibitisho. Barua hiyo inasema tu kwamba fulani na fulani waliachana tarehe fulani katika kaunti fulani. Kwa mtu asiyejua kaunti barua hiyo ni taa, nawashauri wengine wanaosoma hapa waanzie huko. Lakini wenyewe wanasema wazi kwamba haishiki nafasi ya hukumu. Wewe omba hukumu yenyewe, uandike kwa maneno yao: "certified copy of the Final Decree of Divorce", kurasa zote, pamoja na sahihi ya jaji. Ukiandika "copy" bila neno la kwanza utapewa fotokopi isiyo na muhuri, na fotokopi hiyo haitavuka hata kizingiti cha Temeke.

Jina, sasa. Hapa ndipo tulipoumia wengi. Sisi tuna majina matatu, letu, la baba na la babu. Wao wanataka jina la ukoo liwe la mwisho, na mara nyingi aliyekuwa anajaza fomu ya kwanza ndiye aliyeamua lipi liwe la mwisho. Angalia pasipoti zote mbili. Mtafutie kwa jina la babu, kisha kwa jina la baba yake, kisha kwa jina la yule mke, maana lake huenda halikukosewa. Mashauri haya Texas yanaandikwa "In the Matter of the Marriage of", yaani katika shauri la ndoa ya fulani na fulani, kwa hiyo ukipata mmoja umempata mwenzake. Jaribu pia kupunguza herufi. Langu lilikuwa limeandikwa bila h na nilizunguka miezi miwili kwa ajili ya h hiyo.

Texas jalada la talaka kwa kawaida liko wazi kwa umma, hutalazimika kuthibitisha undugu. Toa majina yote mawili, mwaka unaoukisia na miaka miwili mbele na nyuma, na namba ya kesi ukiipata. Gharama inahesabiwa kwa ukurasa. Malipo yanaweza kuwa kikwazo kwa kadi zetu, kwa hiyo mtafute mtu aliyeko kule alipe na apokee. Kupiga simu pigeni jioni: wakati wao wa kiangazi, saa mbili asubuhi ya Texas ni saa kumi jioni kwetu, wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa kumi na moja. Kabla ya hapo mtasikia simu inaita tu.

Kwako Mtu wa Pwani, ubalozi hautunzi hukumu za mahakama za kaunti. Mtakwenda mpaka Msasani mkaambiwa mwandikieni karani.

Na wewe Chuma, mwanangu, usimshauri mtu hivyo. Mama wa watu aape mahakamani juu ya jambo ambalo hakulishuhudia, mbele ya mtu anayemwinda? Kiapo chake kitasema "niliambiwa". Wakili wa baba mdogo atamsimamisha kizimbani amuulize ulikuwepo? Atasema sikuwepo. Itakuwa yeye ndiye ameuharibu ukweli wake mwenyewe, na hati ya kweli ipo kwenye kabati huko Richmond.

Mihuri nitakuandikia kesho, hapa umeme unakatika.

MamaKijitonyama

Naendelea. Mkipata hukumu msiilete hivi hivi. Mlolongo tulioupitia ulikuwa huu: kwanza Katibu wa Jimbo la Texas, huko Austin, anathibitisha kwamba sahihi ya karani ni ya karani kweli. Sisi tulilipa dola 15 kwa hati. Kwenye fomu wanauliza itatumika nchi gani. Andika Tanzania, usiache wazi, maana karatasi wanayobandika inategemea nchi. Kisha inakwenda Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, Washington, dola 20 kwa hati, wanathibitisha muhuri wa jimbo. Mwisho ubalozi wetu huko huko Washington unagonga wa kwake. Ukiruka ngazi moja wanarudisha.

Na pini, tafadhali. Hukumu inakuja imebanwa kurasa zake na pini moja pembeni. Asiifungue mtu yeyote, hata kwa kutoa fotokopi. Ikishafunguliwa inahesabika imechezewa, mnaanza upya kwa karani. Kuna kijana alinisaidia kupiga picha zangu, akaitoa pini ili kurasa zilale vizuri kwenye mashine. Nilikaa chini nikalia.

Wakili_Kinondoni

Nimefurahi kuona mama yetu ameeleza upande wa kule, maana ndio tusioujua. Naongeza upande wa hapa kwa kifupi.

BintiFundi, baba yako mdogo anasimama juu ya hoja moja ya kisheria na ni vizuri uijue. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, ndoa ni batili kama mmoja wa wanaofunga alikuwa bado ndani ya ndoa ya mke mmoja. Ndoa ya Texas ni ya mke mmoja. Kwa hiyo tarehe ndiyo shauri lote: talaka itangulie ndoa ya bomani ya 2001.

Hukumu ya nje inatambuliwa hapa kwa kifungu cha 91 cha sheria hiyo hiyo. Njia mojawapo ni kuonyesha kwamba mmoja wa wanandoa alikuwa na makazi ya kudumu katika nchi hiyo, au aliishi huko walau miaka miwili mfululizo kabla ya kufungua shauri. Baba yenu alikaa kule kuanzia 1987. Zile pasipoti mbili mlizozikuta msizichukulie kama kumbukumbu tu, mihuri iliyomo ndani yake ni ushahidi wa ukaaji. Mpe wakili wenu.

Mihuri ya ubalozi aliyoitaja mama inahitajika kwa sababu ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Nyaraka ya umma ya nchi nyingine inathibitishwa kwa nakala iliyothibitishwa na mtunzaji wake halali, na juu yake uthibitisho wa mthibitishaji (notary public) au wa balozi wetu kwamba aliyethibitisha ndiye mwenye mamlaka ya kuitunza. Hakimu hamjui karani wa Richmond. Ubalozi ndio unaomwambia.

Wakati mnasubiri, chukueni RITA nakala ya kumbukumbu za ndoa ya 2001. Wanaokusudia kuoana hutoa taarifa siku 21 kabla, na taarifa hiyo hutaja hali ya kila mmoja. Kama baba aliandika mtalaka na si mseja, mnaonyesha kwamba hakuficha kitu tangu siku ile. Hiyo peke yake haitoshi, ila inakaa vizuri nyuma ya hukumu.

Tena mkumbuke, anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Baba mdogo naye ana cha kuleta.

Tafsiri ya Kiswahili ichukueni BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, msimpe jirani anayejua Kiingereza.

Zawadi_K

Samahani naingilia. Mimi ni New York. Mume wangu mtarajiwa aliachana na mke wake wa kwanza huko Bronx, amepoteza karatasi. Naweza kumwombea mimi nikiwa hapa kama mlivyosema kwa Texas?

MamaKijitonyama

Zawadi, hapana, na ni vizuri umeuliza kabla hujatuma pesa. Kila jimbo lina kanuni yake. New York majalada ya talaka yamefungwa. Anayeruhusiwa kuona ni wanandoa wenyewe, mawakili wao, au mwenye amri ya mahakama. Aombe yeye mwenyewe kwa karani wa kaunti ya Bronx, na kule ni County Clerk kweli anayetunza, si kama Texas. Idara ya afya ya jimbo ina vyeti vya talaka tangu Januari 1963, lakini nayo haimpi mtu baki. Akikwambia "niachie tu", msisitize afuate yeye. Ni haki yako kuiona karatasi hiyo kabla hujapeleka jina lako bomani.

Mtu wa Pwani

Kumbe. Mjomba wangu aliachana California, nitaanzisha uzi wangu.

MamaKijitonyama

Anza na mahakama inayoitwa Superior Court ya kaunti husika. Jimbo lenyewe lina rekodi za talaka za 1962 mpaka Juni 1984 tu, nje ya hapo ni kaunti.

BintiFundi, Tabata

Shikamoo mama. Nimechelewa kurudi hapa, naomba mnisamehe, nilikuwa nasubiri niwe na cha kusema.

Nilifanya ulivyoelekeza. Usiku ule ule niliitoa ile bahasha, nikaiweka juu ya tochi ya simu kutokea chini, na chini ya Richmond nikaona mguu wa herufi T. Nilimwamsha mama.

Jina la babu halikutoa kitu. Jina la pili ndilo lililotoka, wamelifanya la ukoo, na herufi moja imerudiwa mara mbili. Jina la mke lilikuwa sawa kabisa kama ulivyosema. Dada uliyeniunganisha naye, yule wa Stafford huko huko Texas, Mungu ampe maisha marefu. Aliomba ruhusa kazini, akaendesha gari mpaka Richmond, akasimama dirishani mwenyewe. Alinipigia picha ya ukurasa wa kwanza saa mbili usiku ya kwetu, na mimi niko kwenye daladala ya Segerea nimebanwa mlangoni. Nilishuka kituo ambacho si changu kwa sababu sikuweza kusoma huku nimesimama.

Shauri lilifunguliwa Novemba 1997. Hukumu imetoka Februari 1998. Mama, miaka mitatu kabla ya bomani.

Mihuri ilichukua muda mrefu kuliko kaunti. Washington ndiko kulikokaa zaidi. Hakimu alituongezea muda baada ya wakili kumwonyesha risiti, kwa hiyo wengine mnaofuata hati kama hizi tunzeni kila risiti na kila barua pepe, zilituokoa. RITA nako tulipata: baba aliandika "mtalaka", kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto.

Bahasha imefika kwa mkono, imeletwa na mtu aliyekuja likizo. Pini iko pale pale. Mama aliosha mikono kwanza. Muhuri wa karani si wa wino, umeinuka kwenye karatasi, ukipitisha kidole unausikia. Mama alipitisha kidole mara nyingi.

Akaniambia nimsomee, nimfasirie kila mstari. Nikasoma kwamba siku 60 zimepita tangu shauri lifunguliwe. Nikasoma kwamba ndoa imevunjwa. Nikasoma kwamba hakukuwa na mtoto wa ndoa ile, jambo ambalo baba alilisema na ndugu walikuwa wanalitilia shaka. Kisha kuna sehemu ya mali, wameandika mke anachukua nini na mume anachukua nini. Mke: nyumba, samani, gari moja. Mume: gari la pili, nguo zake, vitabu vyake, na cherehani moja ya umeme.

Mama alinizuia. Akasema rudia hapo. Nikarudia. Akauliza, wameandika cherehani? Nikamwonyesha neno lenyewe kwa kidole. Hakusema kitu. Akainama akawasha transfoma, akakaa, akavuta lile gauni la watu lililokuwa limelala hapo tangu mwezi wa tatu.

Hukumu iko BAKITA tangu jana, pini yake haijaguswa, nimesimama pale mpaka yule mtafsiri akanihakikishia. Shauri linatajwa Jumanne.